Malaika Mwenye Tundu

Norwich, 3 Oktoba 1931

Mdogo wangu Dorcas,

Kaa chini. Kama umeshakaa, simama kwanza ukae upya, maana habari hii haitaki kiti cha kila siku. Norwich nzima, toka kanisa kuu mpaka soko la ng'ombe, hajazaliwa mtu mwenye nyota kama ya kaka yako!

Jumamosi iliyopita nilikwenda Wymondham kwenye mnada wa vyombo vya marehemu. Watu wanagombea makabati, mimi nikachukua boksi la vifungo vya makoti ambalo hakuna aliyelitupia jicho. Wakanicheka. Nikafika nyumbani, nikalimwaga mezani, na katikati ya vifungo vya mfupa na vya shaba akanitazama Malaika. Sarafu ya dhahabu tupu, Dorcas, ya mfalme Charles yule aliyekatwa kichwa. Upande huu Mikaeli anamchoma joka mkuki wa kinywani, upande wa pili meli. Sawasawa na Malaika wa Mama, ila huyu ni mzima. Hana tundu!

Unajua mwenyewe wazima walivyo adimu. Wengi walitobolewa, maana mfalme alikuwa akiwavika shingoni wagonjwa wa mitoki, vile vivimbe vya shingo, ili wapone. (Shingo za watu aliziponya, yake ikamshinda. Mganga hajigangi.)

Basi juzi Alhamisi nikapanda ngazi za ile baa wanakokutania Chama cha Wakusanya Sarafu. Yule katibu wao, Bwana Gathercole, mwenye tumbo linalotangulia mlangoni na yeye akafuata baadaye, unamkumbuka? Mwezi wa nne nilimpelekea Malaika wa Mama, akamsukuma pembeni kwa kalamu: "Sarafu yenye tundu ni maiti, Tuddenham. Hapa hatukusanyi maiti." Wote wakacheka. Safari hii sinia la mahameli likazunguka meza, kila mmoja akimshika Malaika wangu kwa ncha za vidole viwili, ukingoni tu, kama anashika nyuki. Lilipomfikia Gathercole, akamgeuza Malaika mara mbili. Akaliweka chini polepole. Kisha mikono yote ikapanda juu.

Mimi ni mwanachama, Dorcas! Mimi niliyeacha shule nina miaka kumi na mmoja nikauze vyuma chakavu. Sasa nakaa meza moja na daktari wa meno na mawakili wawili.

Malaika wa Mama usimhofie. Yupo, analala pazuri kuliko mimi. Msalimie shemeji Jabez, na umbusu Kezia kwa ajili ya mjomba wake tajiri.

Kaka yako mwenye nyota,
Horace

*

Wexmere, 11 Oktoba 1931

Kaka Horace,

Hongera. Jabez anasema ukifa watakuzika na kofia ya hicho chama. Ametoka shambani, tope mpaka magotini, viazisukari mwaka huu having'oki bila ugomvi.

Nakuandikia kuhusu Kezia. Ile mitoki ya shingoni imekuwa mikubwa. Mmoja chini ya sikio ni kama yai la bata. Shuleni wanamwita Chura, naye anawajibu kwa kulia kama chura, halafu akifika nyumbani analala bila kula. Daktari amesema ikatwe kabla haijapasuka yenyewe na kumwaga sumu mwilini. Tumepewa tarehe 24 Novemba hospitalini.

Amekataa. Mtoto wa miaka tisa amekaa juu ya ngazi, ameshika mbao, anasema hakatwi. Jabez hakuweza kumbandua. Mwisho akasema kitu kimoja: atakwenda kama atavaa Malaika wa Bibi.

Ile hadithi unajua anavyoipenda. Kila usiku ananitaka nimsimulie jinsi Mama alivyokuvisha ukiwa na miaka mitatu, mitoki imekujaa mpaka begani, ukamuuma Malaika kwa maumivu mpaka meno yako yakabaki juu ya meli. "Na Mjomba Horry akapona," ndivyo anavyomalizia yeye mwenyewe.

Mimi siamini kwamba dhahabu inaponya, na mchungaji wetu haamini. Lakini naamini mtoto asiyeogopa anavuka mahali ambapo anayeogopa hafiki. Ulimchukua Malaika siku ya mazishi ya Mama ukasema unakwenda kumwonyesha wataalamu. Umeshamwonyesha. Mtume nyumbani.

Dorcas

*

Norwich, 17 Oktoba 1931

Mdogo wangu,

Pole, pole sana. Mitoki ni mshenzi, namjua, tulilala naye kitanda kimoja. Mpaka leo navaa skafu mwezi wa saba nikisema ni mtindo.

Malaika wa Mama nitamtuma mara moja. Kuna jambo dogo tu: yupo London. Kuna bwana mmoja huko, mtaalamu wa sarafu hizi za mitoki, aliniomba amtazame kwa kioo chake, maana anaandika kitabu. Fikiria, sarafu ya Mama yetu kitabuni! Wiki mbili hivi, atarudi.

Wakati huo huo nimetuma machungwa dazeni. Mwambie Kezia ale mawili kwa siku, na maganda amrushie atakayemwita Chura.

Horace

*

Wexmere, 25 Oktoba 1931

Mjomba Horry mpendwa,

Asante kwa machungwa. Baba alikula manne akasema ni panya. Panya wetu hajui kumenya.

Mama anasema Malaika amekwenda London kusoma kitabu. Mwambie arudi upesi. Nimemsokotea uzi. Ni wa katani, nimeupaka nta kama Bibi alivyonifundisha, usikwaruze. Nimeupima shingoni mwangu lakini nimeuacha mrefu, kwa sababu shingo yangu ni nene sasa.

Mjomba, ulipokuwa umemvaa, ulisikia nini? Alikuwa baridi au moto? Ukimuuma alikasirika?

Mimi sitamuuma. Naahidi.

Kezia Larwood

*

Norwich, 29 Oktoba 1931

Kezia, malkia wa vyura wote,

Alikuwa baridi dakika moja, halafu akapata joto langu, na baada ya hapo sikujua tena nani ni nani. Nilipomuuma hakukasirika. Alisema, "Horry, hayo ni meno au ni jembe?"

Atakuja. Mjomba wako akisema kitu, hata saa ya mnara inajirekebisha. Uzi wako uweke mahali pakavu.

Mjomba wako,
Horace Tuddenham, Mwanachama

*

Wexmere, 9 Novemba 1931

Kaka Horace,

Wiki mbili zako zimepita, na siku juu yake. Zimebaki kumi na tano tupelekwe hospitalini.

Tangu serikali iseme noti haibadilishwi tena kwa dhahabu, hapa kijijini wamekuja mara tatu wanaume wanaonunua dhahabu. Mke wa mhunzi ameuza pete yake ya ndoa. Wanazipeleka kuyeyushwa. Nakuuliza, unijibu kwa neno moja, usinipigie hadithi: umemuuza Malaika wa Mama?

Ule mtoki wa chini ya sikio umekuwa mwekundu. Usiku namsikia akijipapasa akihesabu: mmoja, wawili, watatu. Jana alifika saba.

Kila posta akipita anasimama getini na ule uzi wake.

Dorcas

*

Norwich, 14 Novemba 1931

Dorcas,

Neno moja: Hapana! Nimuuze Mama yangu? Hata mimi nina mahali ninapokomea.

Huyu hapa. Nimemfunga kwa pamba na utepe mweupe kama siku za mfalme mwenyewe. Bwana wa London alimsafisha kidogo, hao wataalamu hawawezi kuona uchafu wakanyamaza, kwa hiyo usishangae aking'aa. Mvike mtoto, mpeleke akakatwe, arudi aje anitukane kwa mdomo wake mwenyewe.

Nimemtuma kwa posta ya kusainiwa. Usiniandikie asante, nitavimba kichwa, na kofia za Norwich ni ghali.

Horace

*

Wexmere, 19 Novemba 1931

Kaka yangu,

Amefika. Kezia alifungua mwenyewe. Akapitisha uzi wake, nikamfunga, akaenda kulala akitembea wima kama mtu aliyebeba ndoo kichwani. Asubuhi Malaika alikuwa chini ya kitanda. Uzi ulikuwa umekatika palepale kwenye tundu.

Nikamchukua dirishani. Tundu la Malaika wa Mama lilikuwa limelika kwa uzi wa miaka mia tatu mpaka likawa refu kama punje ya shayiri, laini kama ndani ya mdomo. Hili ni la mviringo, na kingo zake ni kali, limenikata kidole. Ni tundu la wiki iliyopita. Nikageuza upande wa meli nikatafuta meno yako kwa miwani ya Jabez. Hakuna jino hata moja. Ni laini kama sahani.

Kwa hiyo nimeelewa. Huyu siye Malaika wa Mama. Ni yule mzima uliyemwokota Wymondham, umemtoboa ukanitumia.

Mwanzoni nilikasirika, halafu nikakaa kwenye ngazi nikalia. Kwa sababu najua yule mzima alikuwa nini kwako. Ndiye aliyekupa kiti kwa wale mabwana, na wewe umemtia tundu ukamfanya maiti kwa ajili ya binti yangu. Miaka yote nimewaambia watu kaka yangu ni mdomo tu. Nisamehe. Sijui ni nani mwingine angefanya hivyo.

Lakini Kezia aliniuliza. Alikuja nyuma yangu dirishani akasema, "Mama, ndiye?" Sijawahi kumdanganya mtoto huyu hata kuhusu kuku aliyechinjwa. Nikamwambia siye. Akasema, "Basi simvai wa mtu mwingine, huenda naye ana mgonjwa wake."

Nakurudishia, asije akapotea na huyu. Kama Malaika wa Mama bado yupo duniani, Horace, mtafute. Tunaondoka Jumanne saa nne asubuhi.

Dada yako, kwa upendo,
Dorcas

*

Norwich, 21 Novemba 1931

Dorcas,

Umenikamata! Macho yako yangefaa polisi. Ndiyo, nilimtoboa wa kwangu. Ningefanya nini, nimwache mtoto asubiri huku yule bwana wa London akizubaa na kitabu chake? Chama kitanilia, lakini shingo ni ya Kezia. Usinisifu sana, nimeshaanza kujiamini.

Laiti ungemwambia ndiye! Uongo mdogo wa heri, nani angeuona?

Sikiliza. Nimewapigia simu London. Malaika wa Mama yupo, anarudi Jumatatu. Jumanne nitapanda treni ya alfajiri nimlete mkononi mwangu. Saa nne nitakuwa getini kwako. Mwambie Kezia mjomba anakuja naye mwenyewe.

Horace

*

Wexmere, 2 Desemba 1931

Horace,

Jumanne tulikusubiri mpaka saa nne na nusu. Jabez alimzuia farasi na gari barabarani, anashuka anaangalia upande wa stesheni, anapanda, anashuka. Kezia alisema, "Labda Mjomba ameshikwa na joka." Ilibidi tuondoke.

Hospitalini muuguzi alitaka kumvua Kezia ule uzi. Alikuwa ameufunga upya shingoni, mtupu. Kezia akaushika kwa mikono miwili akasema, "Acha. Malaika akija apate pa kukaa." Yule dada akauacha.

Alikwenda kwa miguu yake. Hakulia. Lakini walipotaka kumpa nusukaputi aliogopa, nilimsikia mlangoni akiita kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Alikuita wewe pia.

Waliikata mitano. Wa chini ya sikio ulikuwa umeshapasuka kwa ndani. Homa ilipanda Alhamisi. Ijumaa hakunijua. Jumamosi tarehe 28, kabla ya mwanga, alifariki.

Tumemzika Jumatatu pembeni ya Mama. Uzi anao.

Simlaumu daktari. Alisema wa chini ya sikio ulishatangulia, kwamba pengine ingekuwa hivihivi. Nimelishika hilo neno "pengine" na sijui niliweke wapi.

Sikulaumu wewe vilevile. Ulimtoboa Malaika wako wa thamani, ulijaribu. Nataka kitu kimoja tu. Kama Malaika wa Mama alirudi kutoka London, mlete. Nitamzika palipo na uzi.

Dorcas

*

Norwich, 6 Desemba 1931

Dorcas,

Nimeanza barua hii mara nne. Kila nikianza naona mkono unatafuta mzaha, kama mlevi anavyotafuta mlango. Leo sina.

Jumanne ile nilifika stesheni. Tiketi ninayo mpaka sasa, haijatobolewa. Nilikaa kwenye benchi, Malaika mkononi ndani ya kitambaa, nikawa napanga nitasema nini getini kwako. Ningesema nini? Ningemtoa mkononi yuleyule uliyemrudisha kwa posta siku tano kabla? Nikapanga uongo wa kwanza, ukaanguka. Nikapanga wa pili. Treni ikaingia, milango ikafunguliwa, ikafungwa, na mimi bado napanga. Mpagazi akaniambia, "Mzee, hiyo ilikuwa ya kwako?" Nikamwambia hapana.

Unakumbuka Gathercole alivyomsukuma kwa kalamu, mwezi wa nne. Maiti, alisema. Nilishuka zile ngazi wakicheka nyuma yangu, na skafu yangu shingoni, nikaona kama wameniona mimi chini ya skafu. Mwezi wa nane nikampeleka kwa sonara wa uchochoroni, mtu anayejua kunyamaza. Nikamwambia ziba. Akaziba kwa dhahabu, akasugua kwa siku mbili mpaka pasionekane mshono. Akaniuliza kuhusu alama za meno kwenye meli. Nikasema sugua na hizo.

Ulipomwomba, nikarudi kwa yuleyule. Nikamwambia toboa. Akanitazama kama mwendawazimu. Alitoboa palepale, lakini keekee haina miaka mia tatu. Lile tundu refu la uzi wa akina bibi zetu, yale meno, vyote vilibaki vumbi kwenye aproni yake.

Kisha ukaandika ile barua. Hakuna mtu aliyewahi kunisifu hivyo, Dorcas. Nilipaswa kuchukua kalamu saa ileile. Siku zilikuwa zimebaki nne, neno moja lingetosha, Kezia angemvaa. Lakini ningelisema, ningekuwa mwizi wa Mama, na wewe ulikuwa umeniita "kaka yangu". Nikaichagua ile sifa. Nimeisoma mara nyingi mpaka imechanika mkunjoni.

Alhamisi nilikwenda chamani nikamweka Malaika kwenye sinia la mahameli pamoja na tundu lake. Gathercole akasema, "Ee Mungu, Tuddenham, nani amemuua?" Nikasema ni mimi. Nikashuka ngazi. Safari hii hakuna aliyecheka.

Yumo ndani ya bahasha hii. Mpeleke kwenye uzi wake. Na ukiniuliza tena yule mwingine yuko wapi, nakujibu kwa maneno machache kama ulivyotaka tangu mwanzo.

Hapakuwa na mnada Wymondham. Hapakuwa na boksi la vifungo. Sijawahi kuokota bahati hata ya kufungia koti. Malaika alikuwa mmoja tu, na yule mtoto aliyekataa kumvaa kwa kuwa ni wa mtu mwingine, alikuwa amemshika wa Bibi yake.

Horace